Binti yangu aliwasha kiberiti ili bibi yake aje. Nifiche kitabu?

MamaBintiMmoja

Habari zenu wote. Nimekuwa msomaji wa kimya kimya hapa kwa muda mrefu, leo imenibidi niandike.

Mama yangu mzazi alifariki miezi minne iliyopita. Tulikuwa tunaishi naye, na binti yangu, ambaye anatimiza miaka 5 mwezi ujao, alikuwa akilala chumba kimoja na bibi yake tangu alipoacha kunyonya. Bibi ndiye aliyekuwa akimsimulia hadithi kila usiku. Baada ya msiba kazi hiyo ikaniangukia mimi. Sina kipaji cha mama cha kusimulia, kwa hiyo namsomea vitabuni.

Wiki mbili zilizopita tulifika kwenye ile ngano ya Hans Christian Andersen ya msichana muuza viberiti. Niliisoma utotoni, ila kichwani ilikuwa imebaki baridi na ile miguu mitupu tu. Nikaanza kusoma bila kuipitia kwanza. Anawasha njiti ya kwanza, anaona jiko la moto. Ya pili, meza iliyoandaliwa chakula. Ya tatu, mti uliojaa mishumaa. Binti yangu alikuwa ametulia tuli, kidole mdomoni. Anawasha nyingine, na ndani ya ule mwanga anatokea bibi yake aliyekwisha kufa, mtu pekee aliyewahi kumpenda.

Sauti yangu ikakatika. Nikajikaza, nikasoma anavyowasha njiti zote zilizobaki kwa pamoja ili bibi asipotee, na bibi anavyomkumbatia wakapaa. Ukurasa wa mwisho, ule wa asubuhi watu wanapomkuta amekufa kwa baridi, sikuusoma. Nilifunga kitabu nikasema hadithi yetu imeishia hapo.

Siku tatu baadaye nikasikia harufu ya kiberiti. Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya kitanda cha bibi yake, njiti mbili zimeungua sakafuni, ya tatu imevunjika. Hakuwa analia. Aliniangalia akaniuliza, "Mama, ni ya ngapi ndiyo bibi anakuja?"

Viberiti nimeshavifungia kabatini, hilo limekwisha. Ninachouliza ni hizi hadithi. Nimejaribu kuruka kurasa, anajua, ananiambia "hapo hujasoma". Nimebadilisha kitabu, nikachukua Binti Theluji, naye anakufa halafu anaamka, kipande cha tufaha kinatoka kooni. Mama yangu alikuwa akikohoa sana miezi yake ya mwisho. Mnaweza kukisia nilichoulizwa usiku ule.

Je, nivifiche vitabu vyote vyenye kifo mpaka akue? Mpaka miaka mingapi? Na mimi mwenyewe, ikiwa siwezi kusoma bila kulia, niache kabisa?

---

BabaPacha

Pole sana dada kwa kuondokewa na mama. Na mshukuru Mungu uliisikia ile harufu mapema.

Mimi nasema ficha. Nina vijana wawili wa miaka 6. Niliwasomea Kofia Nyekundu katika kitabu cha zamani ambamo mbwa mwitu anamla bibi, anamla na mtoto, basi, hadithi imekwisha. Mmoja akaguna akalala. Mwingine kwa mwezi mzima hakutaka kubaki peke yake na bibi yake, kwa sababu eti bibi ana meno makubwa. Hebu fikiria uchungu wa yule mzee kukimbiwa na mjukuu wake.

Mtoto ana miaka mingi mbele yake ya kujifunza huzuni. Tafuta hadithi za wanyama wanaochekesha, akifika miaka 8 au 9 rudisha hizo nyingine. Na usijilazimishe kusoma kitu kinachokuumiza. Wewe pia umefiwa.

---

MkutubiWaRafuYaChini

Pole sana mama. Nimesoma swali la binti yako, ikabidi niiweke simu chini kwanza.

Nimefanya kazi sehemu ya watoto maktabani kwa miaka 22. Ombi ninalopewa kuliko yote ni "hadithi nzuri ya zamani isiyokuwa na kifo". Naitafuta, naipata mara chache sana. BabaPacha, kitabu chako nakifahamu: hiyo ni hadithi kama alivyoiandika Charles Perrault mwaka 1697, na kweli inaishia tumboni mwa mbwa mwitu. Mwindaji anayempasua yule mnyama na kuwatoa wawili hao wakiwa hai yumo kwa ndugu wa Grimm, yaani Jacob na Wilhelm, Wajerumani waliokusanya ngano, waliotoa kitabu chao cha kwanza mwaka 1812. Mtoto wa miaka 6 anastahili mwindaji. Hapo niko upande wako.

Lakini kuficha vyote sikubaliani nako, nami nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Mama, huo ukurasa ulioruka ndio binti yako aliokuwa anauhitaji. Silaumu, ningekuwa wewe ningefunga kitabu mapema zaidi. Ila angalia alichobaki nacho: unawasha njiti, bibi anatokea, anakuchukua, mwisho. Hayo ni maelekezo ya kufuata. Mtoto wa miaka 5 ameyafuata kwa uaminifu kabisa, akakosa idadi tu, ndiyo maana akakuuliza ni ya ngapi. Ukurasa wa asubuhi ndio unaosema njiti zilikwisha, baridi ilikuwa ile ile, na mtoto akafa. Watu wanasimama wanasema alikuwa anajaribu kujipasha moto. Bila asubuhi ile, hadithi nzima inakuwa ahadi.

Nitakuwa mkweli pia kuhusu sentensi ya mwisho kabisa. Andersen anasema hakuna aliyejua mambo mazuri aliyoyaona yule mtoto, na furaha aliyoingia nayo pamoja na bibi yake katika mwaka mpya. Kwa mtu mzima hiyo ni faraja. Kwa mtoto aliyefiwa na bibi inakaribia kuwa mwaliko. Hapo msome, kisha msimame, umwambie kwa maneno yako: msichana huyu alihitaji mtu wa kumfungulia mlango, hakuna aliyemfungulia, na hilo linasikitisha. Wewe mlango wako uko wazi na mimi niko ndani.

Andersen hakuyatoa mambo haya hewani. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 11. Mama yake alipokuwa mdogo alitumwa kuombaomba, akaona aibu, akakaa chini ya daraja akilia. Ngano ya viberiti ilichapishwa mwaka 1845, naye anaandika kama mtu ambaye bado yuko chini ya lile daraja. Jacob Grimm naye baba yake alikufa mwaka 1796, yeye ana miaka 11 vilevile, na mdogo wake Wilhelm ana 9. Huwa nayafikiria haya ninapopanga vitabu vyao rafu moja. Watatu hao walijua mtoto anakuwaje siku ya tatu baada ya maziko, wakati watu wazima wameanza kuongea mambo mengine.

Ila hawafanani, na kwa binti yako tofauti hiyo ndiyo muhimu. Kwa Andersen kifo kinakuja mwishoni na kinabaki na neno la mwisho: msichana wa viberiti, askari wa bati anayeyeyuka jikoni, nguva anayegeuka povu. Kwa Grimm kifo mara nyingi kipo mlangoni. Mama anakufa katika aya ya kwanza, na hadithi yote ni ya yule aliyebaki hai: anakwenda wapi, nani anamsaidia, anajipatiaje chakula. Mtoto mdogo aliyefiwa anataka sana kujua habari za aliyebaki. Ni yeye huyo. Kwa hiyo Andersen ningemweka rafu ya juu kidogo kwa sasa, bila kumfungia kabatini, na Grimm ningemwacha chini, mkono wa mtoto unapofika.

Hata hao Grimm walihariri, usidhani kubadilisha hadithi ni dhambi. Mwaka 1812 anayemwonea wivu Binti Theluji ni mama yake mzazi; toleo la 1819 akawa mama wa kambo. Hansel na Gretel walikuwa wanapelekwa msituni na mama yao wenyewe mpaka toleo la 1840. Wilhelm aliona mtoto hataweza kubeba mama muuaji. Kifo cha mama hakukiondoa. Alijua kipi cha kupunguza.

Kuhusu tufaha: mwambie moja kwa moja. Binti Theluji hakuwa amekufa, alikuwa amekabwa. Hata lile busu ambalo watu wanalikumbuka halimo kwa Grimm. Wachukuzi wa jeneza wanajikwaa, kipande kinatoka. Bibi hakukabwa na kitu. Mwili wake uliugua, ukaacha kufanya kazi, na mwili ukishaacha haurudii. Kisha mrudishe kwenye sehemu ambayo wengi tunaipita haraka: vibete saba wanakaa kuzunguka jeneza wanalia siku tatu. Ndege nao wanakuja kulia, bundi, kunguru, njiwa. Muulize, na sisi tulilia siku ngapi? Hapo utakuwa na mazungumzo.

Niulize pia: siku ile mlimwambiaje? Mlitumia neno gani? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy aliandika alichokikuta kwa watoto wa Hungaria, kwamba wengi wa chini ya miaka 5 hukiona kifo kama usingizi au safari. Waliokuja kuchunguza baada yake wamepata kwamba watoto wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7: kwamba aliyekufa harudi, mwili wake hausikii wala hauumwi, kila kilicho hai kitakufa, na kuna sababu. Binti yako yuko mlangoni kabisa mwa umri huo. Akimsikia mtu mzima anasema bibi "amelala", halafu anasomewa hadithi ambamo aliyelala anaamka, amefanya hesabu sahihi kwa tarakimu tulizompa.

Ningekushauri hadithi mbili za Grimm. Ya kwanza ni Sinderela ya kwao, isiyo na malenge wala mama wa ubatizo mwenye uchawi. Mama anakufa mwanzoni. Binti anakwenda kaburini kila siku analia. Baba anamletea tawi dogo la mti, analipanda juu ya kaburi, na machozi yake yanalimwagilia mpaka linakuwa mti mzuri, na ndege mweupe anatua hapo. Msaada mkubwa anaoupata unatoka kwenye mti ule. Ya pili ni fupi, ukurasa mmoja, inaitwa Sanda. Mtoto wa miaka 7 anakufa, mama analia usiku na mchana, hadi usiku mmoja mtoto anakuja na sanda yake imelowa machozi, anaomba mama aache kulia ili apate kulala. Mama anaacha, na usiku unaofuata anakuja na mshumaa, sanda inakaribia kukauka.

Na lia, mama. Lia ukisoma. Ukimaliza kulia, endelea na mstari unaofuata.

---

KalamuYaUsiku

Nimekubali karibu yote ya mkutubi isipokuwa hiyo Sanda. Tafadhali mama usimsomee.

Nilifiwa na baba nikiwa na miaka 6. Walinambia "baba ametangulia". Mimi nikauliza, tutamfikia lini? Watu wakatazamana. Nilikuwa nikisikia neno hilo kila tulipokwenda mahali, wewe tangulia, sisi tunakuja. Nilikaa na viatu miguuni jioni nyingi nikisubiri tuondoke. Hakuna aliyejua kwa nini sivui viatu, na mimi sikujua kwamba wao hawajui.

Shangazi mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia nikilia namsumbua baba aliko. Nikaacha. Niliacha siku hiyo hiyo, nikaacha vizuri sana, na kila mtu akasifu nilivyo mtoto jasiri. Ilinichukua hadi utu uzima kulia tena kwa jambo lolote. Ndiyo maana hadithi ya mtoto aliyelowa kwa machozi ya mama yake siwezi kuiona ni faraja kwa mtoto. Inamwambia: huzuni yako inamgandisha mtu unayempenda.

Iliyonisaidia mimi ni ya Andersen, na niliipata nikiwa na miaka 10 hivi: ile ya 1847 ya mama anayekifuata Kifo kilichomchukua mtoto wake. Anaukumbatia mti wa miiba hadi damu inamtoka kifuani. Analilia ziwa mpaka macho yake yanadondoka ndani. Anatoa nywele zake nyeusi apewe nyeupe. Anafika kwenye bustani ya Kifo ambako kila uhai ni mmea, anainama gizani akisikiliza mapigo ya moyo ya kila mche hadi anautambua wa mwanawe. Na hampati. Mwishowe anamwachia.

Najua inatisha. Sisemi isomwe kwa mtoto wa miaka 5. Lakini mimi niliposoma kwamba kuna mtu alitafuta kiasi kile na bado hakumrudisha, ndipo nilipojua kwamba baba hakubaki huko kwa sababu nilisubiri vibaya.

---

MkutubiWaRafuYaChini

KalamuYaUsiku, naifuta Sanda kwenye ushauri wangu. Nimeipendekeza kwa wazazi waliofiwa na mtoto, nao walishukuru, nikasahau kwamba mtoto anaisikia akiwa upande mwingine. Sinderela anamwagilia mti kwa machozi, huyu wa Sanda anaambiwa ayakaushe. Nimezitaja kwa pumzi moja kana kwamba zinasema kitu kimoja. Asante kwa kunieleza habari ya viatu.

---

BabaPacha

Bado nasema mtoto asisomewe kitu ambacho mzazi hajakipitia kwanza. Ila hilo la ukurasa wa asubuhi limenigusa. Sikuwa nimelitazama hivyo.

---

MamaBintiMmoja

Nimerudi baada ya siku tisa. Asanteni nyote, hasa KalamuYaUsiku, pole sana.

Mkutubi, uliuliza tulitumia neno gani. Tulimwambia bibi "amepumzika". Mimi mwenyewe ndiye niliyesema. Nilipokumbuka hilo nikakumbuka pia kwamba mama alikuwa na desturi ya kujilaza kila mchana, na sisi tukimwambia mtoto asipige kelele, bibi anapumzika. Miezi minne mtoto wangu amekuwa akitembea kwa ncha za vidole akipita mlango ule. Nilidhani ni heshima.

Nilianza na hilo kabla ya kitabu chochote. Nilimwambia bibi amekufa. Ni mara ya kwanza kulitamka neno lenyewe mbele yake, na ulimi ulikuwa mzito. Akauliza kama anasikia baridi kule. Nikasema mwili wa bibi hausikii tena baridi, wala kikohozi hakimuumi. Akauliza kama ni kwa sababu yeye alipiga kelele. Hapo nililia, na nikamwambia hapana huku nalia.

Sinderela tumeisoma mara nne. Hajali habari za mwana wa mfalme hata kidogo. Tukifika karamuni ananirudisha nyuma kwenye kaburi na tawi. Anataka kujua lilimwagiliwa kwa siku ngapi, na kama siku asipokuwa na machozi anaruhusiwa kutumia maji.

Jana akaileta ile ya viberiti mwenyewe. Nikasoma yote. Asubuhi, watu, njiti zilizoungua, mashavu mekundu, yote. Nikasimama pale mkutubi aliposema nisimame, nikamwambia ya mlango. Alikaa kimya kwa muda, kisha akarudisha kurasa hadi kwenye picha ya bibi aliye ndani ya mwanga, akaikagua kwa karibu.

"Huyu si bibi yangu," akasema. "Bibi yangu anakohoa."

Nikanyamaza. Akaweka kidole juu ya picha.

"Alikuwa anakohoa," akasema.